Anza na saitoplazimu: namna ya kuchora vifuko vya seli bila kukariri

Wanafunzi wengi wa biolojia huingia kwenye usafirishaji wa ndani ya seli kwa kukariri majina: klatrini, dainamini, COPII, ESCRT. Siku ya mtihani majina yanakumbukwa, lakini haijulikani nani anafanya nini. Nakushauri uanzie kwingine. Chora utando kwa mistari miwili sambamba, kisha, kabla ya kuandika jina lolote, weka herufi S upande ulio na saitoplazimu. Protini tunazozungumzia hufanya kazi zikitokea upande huo.

Sasa jiulize: kifuko kinachipukia kuelekea S, au kinaipa S mgongo?

Tuseme kinaelekea S, kama seli inapomeza chakula kutoka nje. Mwaka 1964 Thomas Roth na Keith Porter waliona vishimo vya namna hii kwa hadubini ya elektroni, katika mayai machanga ya mbu yaliyokuwa yakifyonza kiini cha yai. Hapo tenganisha kazi mbili, kupinda na kukata, na uzichore kwa rangi mbili. Utando una unene wa nanomita 5 hivi, na haukubali kujikunja kwa urahisi hadi kuwa kifuko cha nanomita 100 au pungufu. Baadhi ya protini huchomeka kipande chao katika safu ya lipidi iliyo upande wa S. Safu hiyo ikitanuka kuliko mwenzake, utando unapinda. Protini za BAR zimepinda zenyewe, hivyo utando unaozilalia hufuata umbo lao. Klatrini, yenye miguu mitatu, huungana na klatrini nyingine hadi kujenga tundu lenye kuta za pembe tano na pembe sita.

Baada ya kupinda hubaki shingo nyembamba, na S imeizunguka shingo hiyo kwa nje. Dainamini hujiviringisha hapo kama kamba kwenye mdomo wa gunia, na kwa nishati ya GTP huikaza. Sisitiza jambo moja kwenye mchoro wako: tabaka za lipidi huungana upya shingo inapokatika, kwa hiyo hakuna kinachovuja.

Kifuko kikiipa S mgongo, kila kitu kinageuka. Saitoplazimu sasa iko ndani ya shingo, na dainamini haina pa kujiviringisha. Hapa ndipo ESCRT inapohitajika: nyuzi zake hujipanga ndani ya shingo na kuibana kutokea humo, huku kimeng'enya Vps4 kikitumia ATP kuzifumua. Virusi vya UKIMWI havina chombo chao cha kukatia. Huiteka ESCRT ya seli ili vijitenge na seli hiyo vikitoka. Seli inapogawanyika, ESCRT hiyohiyo hukata daraja la mwisho kati ya seli mbili mpya.

Tahadhari: mwelekeo hukuonyesha mkataji anasimama wapi, haukupi jina lake moja kwa moja. Vifuko vya COPII vinavyotoka retikulamu ya endoplazimu vinaelekea S, lakini havitegemei dainamini. Protini Sar1, ambayo nayo hutumia GTP, husaidia kupinda utando na kuukata.

Ukishachora, jipime kwa kufuta protini moja na kutabiri kitakachotokea. Futa dainamini: vishimo vitapinda, shingo zitabaki hazijakatwa. Ndivyo ilivyo kwa nzi wa matunda wa aina ya shibire, ambao dainamini yao hushindwa kazi kwenye joto la nyuzi 30 hivi. Neva zao haziwezi kurudisha vifuko vya kupitishia ujumbe, nao hupooza. Wakirudishwa kwenye ubaridi hutembea tena.

Nawe mwalimu, unaposahihisha michoro hii, toa alama kwa S iliyowekwa mahali pake kabla ya kutoa kwa jina la protini.