CHUNGU CHA MBWA
Mafunzo kwa Wakulima na Wafugaji wa Karagwe na Kyerwa



Mbwa hulinda mbuzi, hufukuza ngedere katika mahindi, na usiku huwabwekea wezi. Kwa kazi hiyo yote ujira wake ni chakula tu. Lakini katika nyumba nyingi chakula hicho ndicho kilichokataliwa na watu: mahindi yaliyoota ukungu, ini la mbuzi lenye vifuko vya maji, nyama ya ng'ombe aliyekutwa amekufa. Watu husema, "Hiki hakifai, apewe mbwa." Neno hilo lina hatari. Kiingiacho kinywani mwa mbwa huweza kurudi nyumbani kwa mavi yake, kwa ulimi wake na kwa manyoya yake, na wa kwanza kukipokea ni mtoto atambaaye.

Pengine utauliza, "Je, nikikipika haitoshi?" Jibu ni kwamba moto huua vingi, lakini hauui vyote. Yatupasa kujua vipi huuawa na moto na vipi haviuawi.

1. VIUAWAVYO NA MOTO

Katika nyama mbichi, matumbo na mayai mabovu huwamo vijidudu viitwavyo salmonela, visivyoonekana kwa macho. Mbwa huweza kuvila asiugue, ila akavitoa katika mavi yake kwa siku nyingi. Mtu akivipata huhara, huumwa tumbo na kupata homa. Mtoto mchanga huweza kufa.

Usidhani jambo hili ni la nyama mbichi peke yake. Mwaka 2023 huko Marekani watu 7 waliugua kwa sababu ya chakula kikavu cha mbwa cha dukani, na 6 kati yao walikuwa watoto wasiozidi umri wa mwaka mmoja. Salmonela iliyowapata yaitwa Kiambu, kwa jina la mahali pa Kenya. Watoto wale hawakuwa na kazi ya kulisha mbwa. Yatosha mtoto ashike sahani ya mbwa, au mkono wa mzazi aliyemlisha mbwa asinawe.

Adui wa pili ni tegu mdogo wa mbwa, ambaye kwa kawaida urefu wake haufikii sentimeta moja. Mbuzi, kondoo au ng'ombe mwenye ugonjwa huu huwa na vifuko vya maji katika ini au mapafu. Mbwa akila vifuko hivyo vibichi, tegu hukua tumboni mwake na mayai yake hutoka na mavi. Mtu akiyameza pamoja na mboga au maji, vifuko huota ndani ya ini lake au mapafu yake, navyo hukua polepole kwa miaka mingi bila maumivu, hata siku ile daktari alazimikapo kumpasua. Ugonjwa huu umeonekana katika mifugo ya Ngorongoro, na kule Turkana, Kenya, umewatesa watu wengi.

Lakini huzuilika. Katika kisiwa cha Iceland ulikuwa tauni ya nchi. Mwaka 1863 mtaalamu Harald Krabbe wa Denmark alikwenda kuuchunguza, na mwaka uliofuata kijitabu chake kikagawiwa kwa wenye nyumba. Watu wakafundishwa kuzika au kuchoma matumbo yenye vifuko na kuwapa mbwa dawa. Katika karne ya 20 ugonjwa ukatoweka kisiwani.

Basi, ini au mapafu yenye vifuko yachomwe au yafukiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Nyama nyingine na matumbo yatokoswe katika maji yachemkayo kwa muda wa nusu saa au zaidi. Mwenye kulalamika juu ya kuni na akiteleke chungu cha mbwa mara tu maharage yaepuliwapo, moto ukiwa bado mkali. Kuni chache za kuongeza zatosha.

2. SUMU ISIYOUAWA NA MOTO

Mahindi yavunwayo mvua ikiwa bado, kisha yakawekwa ghalani kabla ya kukauka, huota ukungu. Baadhi ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, nayo haiishi kwa kusonga ugali wala kwa kuchemsha uji. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa ni dhaifu sana mbele yake: mwishoni mwa mwaka 2005 huko Marekani mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa kula chakula chenye sumukuvu. Dalili zake ni kukataa chakula, kutapika, macho na ufizi kuwa manjano, na mavi meusi au yenye damu.

Kwa hiyo mahindi yenye ukungu usimpe mbwa, wala kuku, wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hata katika maziwa. Yachome. Anika mazao juu ya turubai, si juu ya udongo, na uyahifadhi yakiwa makavu kabisa.

3. MZOGA USIOGUSWA

Mnyama akifa ghafula, tumbo likavimba upesi, na damu isiyoganda ikatoka puani au nyuma, shuku kimeta. Usimchune wala usimpasue. Vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujivika ganda gumu ambalo kutokosa kwa kawaida hakulivunji, na hudumu udongoni miaka mingi. Mbwa arararuaye mzoga huo huwasaidia kutapakaa malishoni. Nasi tulio jirani na hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe tukumbuke kwamba kimeta hakichagui mnyama wa porini wala wa nyumbani: mwaka 2004 kiliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda. Funga mbwa wako, weka mlinzi penye mzoga, na umwite Afisa Mifugo mara moja.

4. KANUNI ZA KUSHIKA

(a) Mbwa awe na chungu chake na sahani yake. Visioshwe pamoja na vyombo vya watu.
(b) Apewe chakula kiasi cha kumaliza. Mabaki yasilale katika sahani.
(c) Kila amlishaye anawe mikono kwa sabuni, na watoto wanawe kabla ya kula.
(d) Mavi ya mbwa yafukiwe, mbali na bustani ya mboga na kisima.
(e) Mwulize Afisa Mifugo dawa ya tegu na wakati wa kuitoa.
(f) Penye kuchinjia pazungushiwe ua, mbwa wasiingie.

Ndizi zilizopikwa, ugali wa mahindi safi, maharage na dagaa waliochemshwa bila chumvi nyingi vyatosha kumlisha mbwa vizuri. Usiku wa leo, kabla ya kumtupia kitu, kitazame kwanza. Ikiwa ni mahindi ya ukungu, ini lenye vifuko au nyama ya mzoga, mbwa wako naye asile.