Tenzi za vita vya Mkwawa mtandaoni

Swali: Mwanafunzi wa Mbeya atafute wapi tenzi za zamani kuhusu Mkwawa?

Jibu: Kifo cha Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, mwaka 1898, kilitungiwa utenzi na Mwenyi Shomari bin Mwenyi Kambi. Mashairi ya Kiswahili ya enzi hiyo yalikusanywa na Mjerumani Carl Velten. Kitabu chake cha mwaka 1907, Prosa und Poesie der Suaheli, husomwa bure kwenye tovuti ya Internet Archive. Baadhi ya miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu imehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Tahajia ndiyo huwakwamisha wengi: Wajerumani waliandika Quawa na Suaheli, hivyo maneno hayo nayo yatafutwe. Jambo zito zaidi ni kwamba washairi wa pwani walitunga chini ya utawala wa Wajerumani, kwa hiyo tungo zao zilinganishwe na masimulizi ya Wahehe wenyewe, kuanzia Kalenga, Iringa, palipokuwa makao ya Mkwawa.