Ushauri: Gari la Watu Tisa

Hapa Mtongwe tuko tisa nyumbani: mimi, mume wangu, watoto sita na mavyaa yangu, ambaye magoti yamsumbua. Kila mwezi twenda kwetu Msambweni, na harusi za Kisauni hazituishi. Mume wangu ataka Alphard. Mimi naona Noah yatosha. Shemeji naye ana Hiace ambayo ilikuwa matatu ya Ukunda, asema atatupunguzia bei. Tuchukue ipi?
Mama wa Mtongwe, Likoni

Nusu ya jibu iko kwenye hesabu yako. Noah na Alphard hubeba watu saba au wanane. Wa tisa atapakatwa, na kwa askari wa barabarani hilo ni kosa, mbali na hatari yenyewe. Isitoshe, viti vya nyuma vikifunguliwa vyote, buti hubaki ya mkoba na ndoo moja. Nazi na kuku wa Msambweni watakaa wapi?

Basi ni Hiace, lakini si ya shemeji. Najua kulisema hilo nyumbani ni kazi. Matatu hukimbia alfajiri hadi usiku, kwa hivyo kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi zisikushughulishe. Inua kapeti uangalie sakafu. Ukikuta alama za kuchomelea kwenye miguu ya viti, na bati linabonyea ukilisukuma kwa kidole gumba, mwite shemeji aone mwenyewe. Hapo itakuwa mmekataa bati, hamkumkataa yeye.

Tafuteni Hiace Wagon GL ya petroli, injini ya 2,700cc, yenye viti kumi vya kiwandani. Sisitizeni neno kiwandani, kwa maana Hiace nyingi hutengenezwa za mizigo, kisha viti na mikanda huongezwa na fundi. Breki ya ghafla ndiyo humjulisha mtu kiti chake kilishikwa na nini.

Mkiagiza Japani, sheria ya Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ombeni karatasi ya mnada. Kwenye mchoro wa bodi, herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, na daraja R ni gari lililogongwa likarekebishwa. Likiwa linavuta kwa magurudumu yote manne, liangalieni uvunguni mara mbili. Mengi ya hayo yalitumika Hokkaido na mikoa mingine ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Kutu iliyoanzia huko haitapona kwa upepo wa bahari wa Mtongwe.

Mkinunua yadi, msiridhike na kuzungushwa mtaa mmoja. Ombeni kulipeleka foleni ya feri jioni, AC ikiwaka na watu wamejaa. Barabara ya Dongo Kundu imetupunguzia feri, ila foleni ya feri bado ni kipimo kizuri cha gari. Mshale wa joto ukipanda mkiwa mmesimama, pana kasoro kwenye rejeta au feni. Mtoto wa kiti cha mwisho akilia joto, AC ya nyuma haifanyi kazi, hata muuzaji aseme nini. Mwambie baba watoto pia kwamba siku za bamvua, maji yakipwa, mteremko wa kuingia feri huwa mkali, na Alphard zenye bampa za chini hukwaruza pale.

Mavyaa asipandishwe mbele. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, kwa hivyo ni juu kupanda na miguu hupata moto. Mpeni kiti cha karibu na mlango wa kusukuma, na fundi aweke kidaraja na kishikio imara. Nendeni naye siku ya kuangalia gari, apande na kushuka mwenyewe.

Pesa zisipofika, msijibane. Nunueni Noah ya shule na soko, kisha safari ya Msambweni mkodi matatu nzima. Kwa safari moja ya mwezi, hiyo huenda ikawa nafuu kuliko petroli na spea za Hiace ya kila siku.

Na kabla ya kutoa hata thumni, litafuteni gari kwenye eCitizen. Kando ya jina la muuzaji likitokea jina la benki au sako, deni bado lipo. Alimalize kwanza, ndipo mzungumze bei.