Rue Heyvaert Ilivyonifunza Kununua Kamera

Kazi yangu ni kupiga picha za video: harusi, ubatizo, misa za shukrani, matanga na, fedha zikipatikana, filamu za hali halisi. Naishi Kuregem mjini Brussels, upande wa Anderlecht uliobanwa kati ya stesheni ya Midi na mfereji, na wateja wangu wengi ni watu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura. Kila Septemba wapiga picha wa hapa hupanda treni asubuhi pale Midi, na baada ya saa mbili hivi wako Amsterdam kwenye IBC, maonyesho ya vifaa vya televisheni na filamu yanayofanyika ukumbi wa RAI. Ukijiandikisha mapema, mara nyingi kuingia ni bure. Nauli ndiyo inayouma. Vijana wanaoanza kazi huniuliza: twende au tukae? Tukienda, tununue nini? Niliyojifunza ni haya.

1. Mwanga wa bandani haufanani na wa ukumbini

Banda la kampuni ya kamera hupangwa na watu wanaoijua kazi yao. Juu kuna taa kubwa laini, katikati binti aliyepambwa ameketi kwenye kochi, pembeni maua na vitambaa vya rangi zote, na kamera kadhaa zimemwelekea. Kamera yoyote ya miaka hii kumi itatoa picha ya kupendeza hapo. Hata simu yangu hutoa.

Sasa njoo Jumamosi usiku wa manane kwenye ukumbi wa sherehe hapa Anderlecht. Nyingi ya kumbi zetu ni maghala ya zamani. DJ amefunga taa za LED za buluu na zambarau. Bwana harusi ni mweusi ti na suti yake nyeusi. Bibi harusi ana gauni jeupe la lesi. Wanaingia wakicheza sebene, nawe unatembea kinyumenyume mbele yao huku shangazi mmoja akikukanyaga. Kamera inatakiwa iuone uso wa bwana na maua ya lesi katika picha moja.

Taa ya buluu ndiyo mtihani mgumu kuliko giza lenyewe. Buluu hufurika kwenye sensa, nyekundu na kijani hubaki karibu tupu, na shavu linalong'aa hugeuka doa bapa lisilo na pua wala jasho. Giza la kawaida lina dawa. Kamera nyingi za sasa zina ISO mbili za msingi: Blackmagic Pocket 4K ya mwaka 2018 ina 400 na 3,200, Sony FX3 ya mwaka 2021, ukirekodi kwa S-Log3, ina 800 na 12,800. Maana yake ni kwamba FX3 kwenye 12,800 hutoa picha safi kuliko kwenye 5,000, jambo ambalo wapiga picha wa zamani hukataa katakata mpaka uwaonyeshe. Lakini uso uliomezwa na buluu hakuna mhariri wa kuufufua.

Kwa hiyo maonyeshoni siendi peke yangu. Naenda na rafiki mweusi kama mimi, amevaa shati jeupe. Tunaacha kochi na maua, tunaomba kamera igeuzwe kuelekea njia, mahali ambapo tangazo la jirani linamwaga mwanga wa buluu, naye anasimama hapo akitabasamu kama bwana harusi. Mwenye banda hushangaa kidogo, halafu hukubali. Wengine huruhusu urekodi kwenye kadi yako mwenyewe. Picha hiyo ya sekunde kumi, ukiitazama nyumbani kwenye skrini uliyoizoea, ina maana kuliko vijitabu vyote vya kumetameta utakavyobeba.

Anayedhani namkuza shetani wa giza aitafute filamu ya Nelson Makengo, Tongo Saa, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2024. Ni Kinshasa isiyo na umeme, watu wanamulikwa na tochi, simu na vibalbu vidogo, na bado nyuso zao unazisoma.

2. Uliza habari za umeme

Ubelgiji na Kongo, Kenya na Tanzania, wote tunatumia umeme wa hertz 50. Marekani ni 60. Taa nyingi za bei rahisi huwaka na kufifia kwa mwendo wa umeme huo, jicho halioni, kamera inaona. Canon 5D Mark II ilipokuja mwaka 2008, dunia nzima iliishangilia, na ilistahili. Ila ilirekodi fremu 30 kwa sekunde peke yake. Fremu 24 na 25 ziliongezwa kwa programu mpya Machi 2010. Katikati hapo, aliyepiga chini ya mirija ya taa ya kanisa la huku alipata michirizi inayopanda na kushuka ukutani kama haikuwekwa shata ya kufaa.

Dawa ni ndogo: fremu 25, shata 1/50. Lakini taa za LED za DJ zina mwendo wake wenyewe, na hapo unahitaji kamera inayokuruhusu kuhamisha shata kidogo kidogo, sio kuruka kutoka 1/50 hadi 1/60. Uliza kitu hicho bandani. Muuzaji asiyejua jibu, omba akuitie anayejua.

3. Kilichotangazwa hakijafika

Maonyesho ni mahali pa kutangaza, na tangazo halina haraka ya kutimia. Mwaka 2006 kule Las Vegas, kwenye maonyesho ya NAB, kampuni ya RED ilipokea amana ya dola 1,000 kwa kamera ya dola 17,500 ambayo ilikuwa bado haijakamilika. Wa kwanza walizipata Agosti 2007. Waliosubiri hawakujuta, kwa sababu RED One iliitikisa biashara nzima ya filamu. Kamera ya kwanza ya Blackmagic nayo ilitangazwa Aprili 2012, na wateja wengi waliingoja hadi mwaka uliofuata.

Mtu mwenye studio anaweza kungoja. Mwenye harusi mwezi wa kumi hawezi. Mimi sichukui oda ya kazi kwa kutegemea kifaa ambacho sijakishika.

4. Bei iliyoandikwa haijamaliza gharama

Bei za bandani mara nyingi hazina TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na hapa Ubelgiji TVA ni asilimia 21. Hilo ni la kwanza, na ndilo jepesi.

La pili ni kumbukumbu. Kila kampuni inasifu faili zake ghafi, na kweli ni tamu kwa mhariri. Blackmagic RAW, iliyotangazwa hapo hapo IBC mwaka 2018, ukiibana kwa kiwango cha nane kwa moja katika 4K na fremu 25, inakula megabaiti 40 na ushei kwa sekunde. Piga hesabu: karibu gigabaiti 150 kwa saa. Harusi yetu haianzi saa iliyoandikwa kwenye kadi wala haiishi saa hiyo. Kamera mbili zikifanya kazi saa nne nne, una zaidi ya terabaiti moja, na lazima uihifadhi mahali pawili, kwa sababu hakuna maelezo yoyote duniani yatakayomridhisha mama wa bibi harusi aliyepotezewa picha za keki.

Kwa hiyo harusi napiga kwa faili zilizobanwa za biti 10, faili ghafi naziwekea filamu. Kuna wenzangu wanaoona huu ni ushamba. Wao wana diski nyingi kuliko mimi.

5. Rue Heyvaert ni mwalimu kuliko Amsterdam

Ukipita machinjio ya Anderlecht, yenye paa lile la chuma la mwaka 1890 na fahali wawili langoni, unaangukia mtaa wa Heyvaert, soko la magari yaliyotumika. Kwa miongo mingi magari yamenunuliwa hapa, yakapelekwa bandari ya Antwerp, yakavuka bahari kwenda Afrika, hasa ile ya Magharibi. Siku hizi biashara inasinyaa, mji unataka nyumba na bustani, lakini wanunuzi bado wapo.

Mtazame mmoja wao. Haulizi gari gani limetoka mwaka huu. Anafungua boneti, anasikiliza injini, anapiga simu Cotonou: vipuri vyake vipo? Fundi analijua? Jibu likiwa hapana, anafunga boneti na kwenda zake, hata gari liwe linang'aa namna gani.

Nikaanza kuuliza kamera maswali yale yale. Betri yake inapatikana Goma au Kampala siku ile niliyo nayo itakapokufa? Betri za Sony za aina ya NP-F, na nakala zake za kila kampuni, unazikuta madukani hadi miji midogo, na taa ndogo na skrini za pembeni huzitumia pia. Betri ambayo inauzwa na kampuni moja tu, kwa oda, ni pingu. Je, betri itapanda ndege? Zilizo chini ya Wh 100 hubebwa mkononi bila maombi. Kutoka hapo hadi 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. Ndiyo maana betri kubwa za V-mount nyingi zimeandikwa 98 au 99. Wanaokwenda Goma waliongezewa safari, maana uwanja wa ndege ulifungwa kwa vita vya Januari 2025 na wengi wakaanza kushukia Kigali na kumalizia kwa barabara. Kila kilo ya ziada utaijua.

Je, mtu mmoja anaweza kuibeba na kuiendesha? Dieudo Hamadi wa Kisangani hushika kamera mwenyewe. Kwa filamu yake En route pour le milliard, iliyochaguliwa Cannes mwaka 2020, aliwafuata majeruhi wa vita vya siku sita vya Juni 2000 mjini humo walipoteremka Mto Kongo kudai haki yao Kinshasa, mwendo wa kilomita 1,700 hivi, kwenye boti lililojaa watu, dhoruba ikiwashukia juu. Kifaa kinachodai wasaidizi watatu na jenereta kisingeona hata nusu ya yale.

Na kama gari, kamera iliyotumika si aibu. Wiki zinazofuata IBC, waliotamani kipya huuza cha zamani, na bei hushuka. Nenda ukaikague. Tikisa kwa upole tundu la HDMI, maana ndilo hufa mapema. Funga lenzi hadi f/16, elekeza kwenye mawingu meupe, tafuta madoa. Irekodi nusu saa mfululizo, uiguse tumboni. Muuzaji mwenye nia njema atakungoja na kukupa kahawa.

6. Sauti

Watu hupanga foleni kwenye kamera. Mabanda ya sauti yana nafasi na viti. Nenda huko. Vinasa vya biti 32 za floti, kama Zoom F6 ya mwaka 2019, vimetuokoa sisi tunaofanya kazi peke yetu: mchungaji ananong'ona, halafu kwaya inalipuka, na faili inabeba vyote viwili bila wewe kugusa kitufe. Ila maikrofoni yenyewe ikizidiwa na spika za bendi, kinasa hakina la kufanya. Isogeze mbali na spika.

7. Siku ya Jumatatu

IBC huanza Ijumaa na kuisha Jumatatu. Ijumaa ni ya wakubwa na mikataba. Jumatatu wageni wamepungua, mafundi wamechoka kusoma yale waliyokaririshwa, na wana muda wa kukueleza ukweli. Mtafute mwenye mikono yenye makovu ya kazi, sio mwenye tai. Muulize ni kitu gani hurudi karakana mara nyingi zaidi. Swali hilo halijawahi kuninyima jibu.

Usiyapite mabanda yasiyokuhusu. EVS ya Liège, iliyoanzishwa 1994, ndiyo yenye mashine zinazorudisha bao polepole kwenye mechi nyingi kubwa unazotazama. Sitazinunua maisha yangu yote. Lakini kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa akinishikia taa alisimama hapo akauliza maswali kwa Kifaransa chake cha Bukavu, akatoka na anwani ya mafunzo. Wabelgiji wana viwanda kama hivi nyuma ya nyumba zetu, Barco ya Kortrijk na projekta zake za sinema ni kingine, nasi tunavifahamu tukifika Uholanzi.

8. Nunueni pamoja

Lenzi ndefu, drone na taa kubwa havitumiki kila wiki. Hapa Kuregem tumefanya likelemba, yaani upatu, ila badala ya kugawana fedha tunanunua kifaa. Masharti tumeyaandika: anayekichukua anaweka euro 20 kwenye mfuko wa matengenezo, anakirudisha Jumatatu kabla ya saa sita mchana na betri zimejaa, na ndoa za ndugu wa mwanachama hazina punguzo. Sharti hilo la mwisho ndilo lililojadiliwa usiku kucha.