Filamu Zinakwamakwama Nyamisati

Swali: Nina kibanda umiza hapa Nyamisati, natumia sola. Nimenunua kompyuta ya ubao mmoja, VisionFive 2. Filamu zinakwama, ubao unachemka. Nimeuziwa kimeo?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Chipu yake, JH7110, ina kitengo maalumu cha kufungua video za H.264 na H.265, hata za 4K. Inaelekea programu yako haikitumii. Inavitwisha kazi yote viini vinne vya RISC-V, tena visivyo na maelekezo ya vekta. Betri nayo inaumia bure. Weka mfumo wa Debian wa StarFive, watengenezaji wenyewe, wenye viendeshi vya kitengo hicho. Ila video za VP9 na AV1, zinazojaa YouTube, kitengo hicho hakizijui kabisa: zigeuze ziwe H.264 kwenye laptopu, ukienda Kibiti kwenye umeme wa TANESCO.