Umeongeza Springi, Breki Je?

Pita kwenye gereji yoyote ya Dodoma mjini wakati wa mavuno utaona pikapu imeinuliwa mkia kama panzi. Mwenye gari ameongezewa majani ya springi nyuma, amelipa, anaondoka akiwa na furaha kwamba sasa gari "limesimama". Akipakia alizeti au mahindi halitalala tena. Hapo kila mtu anaona kazi imeisha. Mimi nasema kazi imefika nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua watu.

Nayaandika haya baada ya wiki kadhaa za field kwenye gereji moja ya hapa mjini, na nawaandikia hata ninyi ambao mara ya mwisho kugusa fizikia ilikuwa kidato cha nne. Sababu ni rahisi. Mwaka wa tatu utakwenda kukusanya data Kondoa au Mpwapwa, na hutakwenda na basi. Utakaa kwenye pikapu ya mtu, pengine nyuma juu ya magunia, na aliyeifunga springi humjui.

Tuanze na springi yenyewe. Nyuma ya Hilux nyingi kuna majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, yamebanwa katikati na yubolti kwenye ekseli. Tuseme kila upande una majani matano ya unene wa milimita 7, na fungu zima linahitaji kilo 6 ili lishuke milimita 1. Pakia tani moja, kila upande ubebe kilo 500: nyuma itashuka kama milimita 83. Sasa ongeza jani la sita linalofanana na yale. Ugumu unapanda hadi kilo 7.2 kwa milimita, na gari linashuka milimita 69. Umeokoa milimita 14 tu! Ule mkia unaouona umeinuka sana umetokana na upinde wa jani jipya, ambalo halijachoka kama wenzake.

Ndiyo maana mafundi wengine wanaruka hatua, wanachukua jani nene lililotoka kwenye lori dogo. Hapa hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu ugumu wa jani unakua kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Jani la milimita 10 lina ugumu wa karibu majani matatu ya milimita 7. Likiwa na mzigo, gari linatulia vizuri. Likiwa tupu kwenye barabara ya changarawe yenye vimatuta vya mfululizo, gurudumu la nyuma linadunda badala ya kukanyaga. Na gurudumu lililo hewani halina breki, hata ungeifunga breki ya ndege. Shokapu za zamani nazo haziwezi kuituliza springi ngumu hivyo. Zinapata joto, mafuta ya ndani yanatoa povu, na baada ya kilomita chache zinakuwa pambo. Kwa hiyo anayeongeza ugumu wa springi abadilishe na shokapu. Zenye gesi ya naitrojeni zinavumilia zaidi hilo povu.

Sasa tufike kwenye breki. Chini ya Hilux nyingi za zamani kuna kifaa kidogo kilichofungwa kwenye chesisi, kina mkono mrefu wa chuma ulioshikana na ekseli ya nyuma. Nitakiita vali ya mzigo. Kazi yake ni kupima gari limelala kiasi gani, kisha kuamua breki za nyuma zipewe presha kiasi gani. Ukikanyaga breki, uzito unakimbilia mbele na nyuma inakuwa nyepesi. Pikapu tupu ikipewa presha yote nyuma, magurudumu yale yatabana, yateleze, na gari ligeuke kutazama lilikotoka. Ikiwa na mzigo, matairi ya nyuma yanaweza kushika zaidi, kwa hiyo vali inaongeza presha. Inajuaje kuna mzigo? Kwa umbali tu kati ya chesisi na ekseli. Umbali ukipungua, inaelewa tumepakia.

Unaona sasa tatizo. Umeinua gari kwa springi mpya, umbali umeongezeka, na vali inaamini gari ni tupu. Unapakia tani moja, springi ngumu inashuka kidogo tu, na vali bado inaamini gari ni tupu, au lina magunia mawili. Breki za nyuma zinapewa presha ndogo siku ile ile unayozihitaji sana. Breki za mbele zinabeba kazi yote.

Mjomba wangu ana Hilux inayoteremsha alizeti kutoka Haubi kwenda Kondoa mjini. Alinipigia simu baada ya kuongezewa majani mawili.

"Mjomba, gari limesimama sasa, ungeliona. Ila nikishuka nalo na mzigo, nakanyaga breki linakuja tu."

Nikamuuliza, "Walipoinua waligusa ule mkono wa vali kule nyuma?"

"Mkono gani tena, mjomba?"

Wanaoijua Kondoa wanajua maana ya "linakuja tu" kwenye ile milima ya Irangi. Ndiyo ardhi ile iliyoliwa na mmomonyoko mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Miti imerudi sehemu nyingi, lakini makorongo yapo bado, na ukikosa breki huna pa kukwepea.

Tupige hesabu ya joto, maana breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua pikapu ya kilo 2,900 pamoja na mzigo. Kuisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa, breki zinameza kama kilojuli 716. Sasa iteremshe mlima wenye kimo cha mita 300 kwa mwendo usiobadilika: nishati inayotakiwa kupotea ni kama kilojuli 8,535. Ni sawa na kusimama ghafla mara 12 kutoka kilomita 80, bila kupumzika katikati. Ukiwa kwenye gia nzito, injini inachukua sehemu kubwa ya mzigo huo. Ukiweka frii "kuokoa mafuta", kama wafanyavyo wengi, karibu yote inakwenda kwenye breki. Na kama breki za nyuma zimedanganywa na vali, inakwenda kwenye diski mbili za mbele.

Kinachofuata hutokea kwa namna mbili, na dereva anatakiwa azitofautishe. Kwanza, shuu na pedi zenyewe zikichemka hupoteza mshiko: pedali ni ngumu lakini gari halisimami. Ngoma ya nyuma nayo ikipata joto hupanuka na kuikimbia shuu, kwa hiyo pedali inashuka zaidi. Pili, mafuta ya breki yanachemka. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani taratibu. Kiwango cha DOT 3 kinataka yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea: pedali inakwenda mpaka sakafuni kama umekanyaga sifongo. Chupa iliyoachwa wazi dukani miezi sita, hata kama ni ya bei nzuri, usiinunue.

Watu wengi wakisikia haya wanauliza habari ya kung'oa ngoma za nyuma na kufunga diski. Ni kweli diski hupoa haraka na haijali sana maji ya mtoni. Toyota wenyewe walipoiboresha Hilux Rogue ya soko la Australia mwaka 2022 waliweka diski nyuma. Lakini wao walibuni mfumo mzima. Kwenye gereji ya mtaani unachukua kalipa za gari jingine, ambazo huenda zikahitaji mafuta mengi kuliko masta silinda yako inavyosukuma, na kalipa nyingi hazina hendibreki ndani yake. Nimeona gari lenye diski nzuri zinazong'aa likiegeshwa kwa jiwe. Mimi ningemshauri mwenye bajeti ya kawaida azirudishe ngoma zake kwenye afya kwanza. Apime kipenyo cha ndani na kukilinganisha na kile cha mwisho kilichoandikwa kwenye ngoma yenyewe. Abadilishe shuu pande zote mbili pamoja na silinda ndogo za gurudumu zinazovuja, arekebishe nafasi ya shuu, amwage mafuta yote ya breki na kuweka DOT 4 mapya, kisha atoe upepo. Ngoma nzima zenye presha sahihi zinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Na vali? Kuna njia mbaya inayopendwa: kuufunga mkono wake kwa waya ili presha iwe kubwa muda wote. Ukiwa na mzigo utasifu. Siku unarudi mtupu na mvua imenyesha, utageuka. Njia sahihi ni kuhamisha kishikio cha mkono kwa kiasi gari lilivyoinuka, kisha kupima presha ya mbele na ya nyuma kwa geji, gari likiwa tupu na likiwa limepakia, na kulinganisha na kitabu cha gari. Springi ngumu haishuki kama ya zamani, kwa hiyo kupima bila mzigo peke yake hakutoshi. Wakati huohuo tazama mpira wa breki unaokwenda kwenye ekseli: gari likiinuliwa kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, mpira usivutike.

Jambo ambalo springi haibadilishi ni uzito ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Chesisi, beringi na breki ni zilezile. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya 2016 inahusu magari ya zaidi ya kilo 3,500, kwa hiyo pikapu ndogo inapita mizani bila kuulizwa. Hakuna atakayekukamata kwa kilo 400 za ziada, isipokuwa mteremko.

Baada ya kazi yote, tafuta uwanja mtupu wa vumbi. Nenda kilomita 30 kwa saa ukiwa bila mzigo, kanyaga breki kwa nguvu mara moja, shuka utazame alama za matairi. Kama za nyuma zimeburuza kabla ya za mbele, rudi gereji. Halafu pakia nusu ya mzigo na urudie.