Sisimizi wa Mlimani: Jifunzie Doha, Kamtafute Nyumbani

Qatar haina mlima. Mahali palipoinuka kuliko kote nchini, Qurayn Abu al-Bawl, pana mita 103 tu kutoka usawa wa bahari, na anayetoka Lushoto au Wundanyi atapaona kama tuta. Hata hivyo, Doha ni shule nzuri kwa mtu anayetaka siku moja kumtambua sisimizi asiyejulikana wa milima ya kwao. Msituni sisimizi hujificha chini ya majani yaliyooza. Hapa wanapita mchana kweupe juu ya mchanga mtupu, na aina zao ni chache kiasi kwamba unaweza kuzizoea kabla ya likizo yako ijayo.

Vifaa vya kuanzia havina gharama kubwa: simu, lenzi ndogo ya kubana kwenye kamera ya simu, kioo cha kukuza mara 10, rula ya milimita na daftari.

Hatua ya 1: Hakikisha ni sisimizi

Mchwa na kumbikumbi hawamo kwenye jamii hii, ingawa wengi huwaweka kapu moja. Sisimizi ana kiuno chembamba, na kipapasio chake kimepinda katikati kama kiwiko. Kipapasio cha mchwa hakina kiwiko, na kiuno chake hakionekani. Likiwa wazi hilo, endelea.

Hatua ya 2: Tazama kiuno kabla ya rangi

Wanaoanza hukimbilia rangi: "mweusi mkubwa", "mwekundu mdogo". Rangi hudanganya, kwa sababu hata ndugu wa kichuguu kimoja huweza kutofautiana. Anza na kiuno. Kina nundu moja au mbili?

Nundu mbili maana yake karibu kila mara ni kundi la Myrmicinae. Humo wamo Monomorium, wale wadogo wa rangi ya asali wanaoandama sukari jikoni. Nundu moja bila mwiba mkiani, na kitundu kidogo cha kurushia asidi kwenye ncha ya tumbo, ni Formicinae. Huyu utamjua haraka Doha: Paratrechina longicornis, mwembamba mweusi mwenye vipapasio virefu kupita kiasi, anayekimbia huku na huku kana kwamba amepoteza kitu. Nundu moja pamoja na mwiba ni jambo jingine, nitalifikia.

Kundi hilohilo la Formicinae lina Cataglyphis, sisimizi wa jangwani mwenye miguu mirefu ambaye hutoka kutafuta chakula wakati wa joto kali. Qatar imepiga marufuku kazi za nje juani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15, na huo ndio muda wake wa kuhangaika. Wewe usimfuate saa hizo. Nenda mapema, au subiri Novemba.

Hatua ya 3: Mjue samsum kabla hajakujua

Brachyponera sennaarensis, ambaye Ghuba nzima humwita samsum, alielezewa na mtaalamu wa wadudu Mayr mwaka 1862 kutokana na sampuli za Sennar, Sudan. Ni Mwafrika mwenzetu aliyehamia huku. Ana urefu wa milimita 6 hivi, rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, nundu moja na mwiba. Hupenda udongo wenye unyevu: pembezoni mwa nyasi zinazomwagiliwa, chini ya matofali ya njia, kwenye vyungu vya maua.

Kwa wengi, kuumwa naye ni maumivu na uvimbe wa muda mfupi. Kwa wachache ni hatari ya kufa, na hospitali za Qatar na za nchi jirani zimeshapokea wagonjwa wa namna hiyo. Usimshike kwa vidole wala usikae kwenye nyasi bila kuangalia. Mtu akiumwa kisha akavimba uso, akatokwa na vipele mwili mzima au akapumua kwa shida, piga 999 papo hapo.

Hatua ya 4: Piga picha tatu

Picha moja ya kutoka juu haisaidii. Wataalamu hutaka tatu: kichwa kikitazamana nawe, mwili mzima kwa ubavu, na mwili mzima kutoka juu. Ndivyo picha zilivyopangwa kwenye AntWeb, hazina kubwa ya picha za sisimizi inayotunzwa na California Academy of Sciences. Weka rula kando yake. Kwenye bustani za Doha elekeza kamera chini, maana kupiga picha za watu bila ridhaa yao kunaweza kukuingiza matatani.

Huku ishia kwenye picha. Kuhifadhi sampuli kunahitaji ethanoli ya asilimia 95, na alkoholi Qatar ina udhibiti mkali.

Hatua ya 5: Kibali kwanza, mlima baadaye

Hapa ndipo wengi hujiponza. Aprili 2025 vijana wawili Wabelgiji walikamatwa katika kaunti ya Nakuru, Kenya, wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 ndani ya mirija, wengi wao Messor cephalotes. Mwezi uliofuata mahakama iliwapa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha mwaka mmoja. Kwamba wewe ni mwenyeji hakukuondolei wajibu. Kenya, anza na NACOSTI (tume ya sayansi) na KWS (shirika la wanyamapori). Tanzania, anza na COSTECH (tume ya sayansi) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Njia rahisi kuliko zote ni kujiunga na mtafiti wa chuo kikuu au wa makumbusho ambaye tayari ana kibali. Usimtumie mtu sampuli nje ya nchi kwa basi wala kwa begi la rafiki.

Hatua ya 6: Kusanya kwa kiasi, andika kwa wingi

Aina za sisimizi hupungua kadiri unavyopanda kwenye baridi. Huko juu utahitaji subira, nawe utapata zaidi kwenye majani yaliyooza kuliko njiani. Pima mita moja ya mraba, chekecha majani yake, kisha yaweke ndani ya wavu ulioning'inizwa kwenye mfuko wa kitambaa kwa siku mbili au tatu. Majani yanapokauka, wadudu hushuka na kuangukia kikombe cha ethanoli kilicho chini.

Chukua kadhaa wa kundi moja. Kwenye jenasi Carebara, kwa mfano, mfanyakazi wa kawaida hafiki milimita 2, na askari wa kichuguu hichohicho ana kichwa kikubwa ajabu. Anayewapata mmoja mmoja atadhani ni spishi mbili.

Kisha lebo, kwa penseli, ndani ya chupa: nchi, mlima, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, mazingira, njia ya ukusanyaji, jina la mkusanyaji. Ukiniuliza, hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. "Usambara, msituni" ni lebo ya kutupa.

Hatua ya 7: Gundisha na upime

Kata pembetatu ndogo ya karatasi ngumu, ichome kwa pini upande mpana, kisha mgundishe sisimizi kwenye ncha yake kwa tone dogo la gundi kati ya miguu ya kati na ya nyuma. Chini ya hadubini pima urefu wa kichwa, upana wake, kipande cha kwanza cha kipapasio na urefu wa kifua. Gawanya upana wa kichwa kwa urefu wake, zidisha mara 100. Kichwa cha upana wa milimita 0.45 na urefu wa 0.50 kinatoa 90. Hesabu pingili za kipapasio na meno ya taya. Pima sisimizi wengi wa kichuguu kimoja, maana namba ya mmoja haitoshi.

Hatua ya 8: Linganisha, kisha ndipo uite mpya

Mwaka 2011 Abdulrahman Aldawood, Mostafa Sharaf na Brian Taylor walichapisha katika jarida la ZooKeys spishi mpya kutoka milima ya kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, wakaiita Carebara abuhurayri kwa heshima ya sahaba Abu Huraira. Hawakuishia kusema hawajawahi kumwona. Walimweka kando ya jamaa yake wa karibu, Carebara arabica wa Yemen, wakamweleza upya huyo wa Yemen, kisha wakatoa ufunguo wa kuwatenganisha wawili hao. Kazi yako nayo iwe hivyo: jamaa aliye karibu zaidi, tofauti moja baada ya nyingine, picha na vipimo.

Chagua sampuli moja iwe holotipu, yaani ile itakayobeba jina, na uiweke kwenye taasisi ya umma kama National Museums of Kenya, Nairobi. Jarida likiwa la mtandaoni pekee, kazi lazima isajiliwe ZooBank. Na ukikwama kwenye jenasi, andika "Carebara sp." na uikabidhi sampuli yako makumbusho ikiwa na lebo yake. Mtaalamu ataipata hapo hata baada ya miaka ishirini, na jina lako litakuwa kwenye lebo kama mkusanyaji.